Dawa Katika Kopo la Vifungo

Mama huyu ni fundi cherehani, na kwake hakitupwi kitu. Kipande cha kitambaa kitakuwa mfuko. Vifungo vya nguo kuukuu hukaa kwenye kopo mezani. Humo humo alihifadhi dawa zilizobaki.

Binti yake mdogo, wanayemwita Bonge, alikuwa akilia kila akikojoa. Mama alifungua kopo, akampa vidonge. Kilio kilipokoma, alirudisha vilivyobaki. Alifanya hivyo mara nyingi, akajiona mjanja. Kumbe alikuwa anajichimbia shimo.

Safari hii dawa haikufua dafu. Bonge alishikwa na homa kali, akatapika. Mtoto aliyezoea kuropoka kutwa nzima akanyamaza. Mama aliacha nguo ya watu kwenye cherehani, akambeba mbio hadi hospitali.

Daktari alimlaza, mkojo ukapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, muuguzi aliketi na mama kando ya kitanda, akamuuliza alikuwa akimpa mtoto nini. Mama alieleza yote, macho chini.

"Ana maambukizi kwenye njia ya mkojo," muuguzi alisema. "Ukikatiza dawa, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Sasa dawa ile haiviui tena. Vikishambulia figo, vinaweza kuziharibu."

"Atapona, dada?"

"Ipo dawa nyingine, ya sindano. Tumeshaanza kumpa. Lakini dawa za namna hiyo zimebaki chache, mama. Hizo nazo zikishindwa, tutakuwa hatuna la kufanya."

Mama alilia. Aliogopa, na alijilaumu kuliko alivyoogopa.

Homa ilishuka taratibu. Asubuhi moja Bonge aliomba chakula, akamaliza, akaomba kingine. Wauguzi wakacheka.

Nyumbani, mama alimpa dawa walizoandikiwa hadi zikaisha, ingawa mtoto alikuwa tayari anaruka ruka. Alimfundisha asibane mkojo, na ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Alimnywesha maji ya kutosha hadi Bonge akauliza kama amegeuzwa ndoo.

Kisha wifi yake akaja, amembeba mwanawe mgongoni.

"Wifi, huyu naye analia akikojoa. Nigawie zile dawa za Bonge zilizobaki."

Mama alisimamisha cherehani.

"Hazikubaki," alisema, huku akitafuta viatu vyake. "Usimshushe. Twende akapimwe."