Nati Iliyobandikwa kwa Ugali

Kila jioni Muhonja alipotoka shuleni alikuwa na kazi zake: kuchota maji, kumfunga ndama, kisha kwenda nyuma ya nyumba ambako gari kuukuu la Pijo la marehemu babu lilikuwa limepandishwa juu ya magogo. Hapo alitakiwa kufungua kopo la mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, atie matone machache kwenye kila nati iliyoshika bomba la moshi kwenye injini, halafu azigonge kidogo kwa nyundo. Basi. Hata mtoto wa chekechea angeiweza kazi hiyo.

Baba yake, Onesmus, ndiye aliyempa. Siku za juma aliendesha trekta ya miwa upande wa Butali, na ilikuwa Jumamosi tu alipopata nafasi ya kulishughulikia gari hapo nyumbani Shieywe, pembeni mwa mji. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na nati zile hazikuwa zimefunguliwa tangu babu alipofariki. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu.

"Usizilazimishe," alimwambia bintiye. "Chuma chenye kutu hubembelezwa. Mafuta yakiingia polepole, Jumamosi zitafunguka."

Jumatatu Muhonja alitia mafuta. Jumanne wenzake walikuwa uwanjani wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na Muhonja na kati ni chanda na pete. Jumatano vilevile. Ilipofika Ijumaa akakumbuka. Nati zilikuwa kavu kabisa, na baba angeona mara moja.

Sasa sikiliza alichofanya. Alichukua spana, akauchomeka mpini wake ndani ya bomba refu la chuma ili apate nguvu zaidi, kisha akaning'inia. Aliwaza kwamba akilegeza hata nati moja tu, baba atadhani mafuta yamefanya kazi. Kitu kikalia tak. Nati ikadondoka, na ndani yake kulikuwa na ncha ya bolti iliyokatika.

Mwenye busara hapo angekwenda kusema. Muhonja alikwenda jikoni. Akamega obusuma, ugali uliobaki mchana, akaukanda, akaibandika nati kwao mahali pake na kuipaka masizi juu. Ukiitazama kwa mbali ungeapa haijaguswa.

Asubuhi baba alikuwa akipanga spana zake wakati tetea mmoja aliporuka juu ya injini. Akainamisha shingo, akadonoa, akanogewa. Hakuwa na haya hata kidogo. Alidonoa mpaka nati ikaanguka miguuni pa baba.

Baba aliiokota, akaigeuza, akauona ugali. Hakucheka. Aliliona na lile bomba refu chini ya gari.

"Barasa, njoo hapa."

Barasa alikuwa mtoto wa kaka yake baba, kijana wa darasa la nane aliyeletwa kutoka Butali ili asome mjini. Alikuwa na nguvu nyingi asizojua kuzipima. Alikwisha kuvunja pampu ya baiskeli na mpini wa jembe, na kila kitu kikivunjika jina lake ndilo lililotajwa kwanza.

"Baba mdogo, si mimi," alisema alipoonyeshwa.

"Nani mwingine hapa ana nguvu za kukata bolti? Ya pampu pia ulisema si wewe, na kumbe ni wewe. Nimechoka. Funga nguo zako, leo nakurudisha kwa baba yako. Huko kwenye miwa hakuna cha kuvunja."

Mtihani wa darasa la nane ulikuwa mwezi uliofuata. Barasa hakubisha tena. Aliingia ndani, na Muhonja, aliyekuwa karibu akichambua mboga, akasikia sanduku la bati likifunguliwa. Akajiambia baba atatulia. Akajiambia mama atamwombea msamaha. Kisha Barasa akatoka na sanduku, vitabu vyake vimefungwa kwa kamba juu yake, wala hakumtazama mtu.

"Baba," Muhonja alisema, akiweka mboga chini, "ni mimi. Sikutia mafuta tangu Jumanne, nilikwenda kucheza. Nikaogopa, nikatumia bomba. Na ugali ni mimi."

Baba aliketi juu ya gogo, ile nati mkononi. Halafu akainuka, akampokea Barasa lile sanduku na kulitua chini.

"Mwanangu, nimekuhukumu kabla ya kuuliza vizuri. Nisamehe."

Barasa alijifuta macho kwa mkono wa shati.

Juma zima Muhonja alitia mafuta, jioni hata moja haikumpita. Jumamosi iliyofuata nati nyingine zilifunguka, bomba la moshi likatolewa, na kipande cha bolti kilichokatika kikabaki kimechomoza kidogo. Baba alipangusa mafuta yote, akawaambia watoto wasimame mbali, akakipasha moto kwa mtungi wa gesi aliouazima kwa fundi wa kuchomelea. Halafu akakigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka na kupenya ndani kwenye kutu. Akakibana kwa koleo, akakisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, bila pupa.

"Kinazunguka," Barasa alinong'ona.

Kikatoka kizima. Muhonja akamsogelea binamu yake. "Nisamehe, Barasa."

"Nimekusamehe. Lakini ungenyamaza, saa hii ningekuwa nakata miwa."

Muhonja aliinamisha kichwa. Alijua ni kweli, na ilimuuma. Baba aliwasikia, akaweka koleo chini.

"Muhonja, kuvunja hutokea. Mimi mwenyewe nimevunja bolti nyingi. Lakini uliacha kazi yako kwa mchezo, kisha ukaficha, na mwenzako ndiye angelipia. Ukipewa kazi, ifanye siku yake. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Gari hili limekaa juu ya magogo miaka yote hii, lingengoja tu. Mtihani wa Barasa usingemngoja."