Mkono Ndani ya Kizimba

Kila asubuhi, kabla baba yake, Papa Damien, hajaondoka kwenda kazini mtaa wa Sandton, Murielle alikuwa amekwisha kuamka. Alichemsha maji, akakoroga uji, akambadilisha nepi mdogo wake Joël, kisha akambeba mpaka chumbani kwa mama yao. Huko ndiko kazi ngumu ilikoanza.

Maman Hélène alilala akitazama ukuta. Alikuwa hivyo tangu Joël azaliwe. Hakugombana na mtu, hakulia kwa sauti, na chakula alikionja tu. Mtoto alipolia, hakugeuka. Murielle alimlaza Joël kifuani pa mama, akauchukua mkono wa mama na kuuzungusha mgongoni mwa mtoto, kama mtu anayefunga kitenge. Mtoto akanyonya. Mama akaendelea kutazama ukuta.

Papa Damien, aliyekuwa akilala sebuleni tangu mtoto azaliwe, alichungulia mlangoni akiwa amevaa sare yake ya ulinzi. Alichoona ni mke wake amemkumbatia mwanawe.

"Mungu asifiwe," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ana nguvu kidogo?"

"Ndiyo, Papa. Usiku alimbembeleza Joël mpaka akalala," Murielle alijibu upesi.

Aliyembembeleza ni yeye mwenyewe. Lakini alikuwa amewasikia wanawake wawili wakinong'ona baada ya ibada, pale kanisani kwao, mtaa wa Rosettenville. Mmoja alisema mwanamke anayemkataa mtoto wake ameingiliwa na pepo. Mwingine alisema serikali huwachukua watoto wa mama kama huyo. Tangu siku ile Murielle aliamua kwamba hakuna mtu atakayejua. Alipopiga magoti alimwomba Mungu amponye Maman, na papo hapo akamwomba asiruhusu mtu yeyote agundue. Hakuona kwamba maombi hayo mawili yalikuwa yanavutana.

Likizo ilipofika, Mzee Ezekieli alimtafutia nafasi katika wiki ya sayansi kwa wanafunzi. Mzee huyu alikuwa Mtanzania, mshirika wa kanisa lao, na alifanya kazi ya kutunza wanyama katika jengo la utafiti. Murielle alimwachia Joël jirani yao Mama Steve, fundi cherehani, akisingizia kwamba Maman ana malaria. Mama Steve alimtazama kidogo, akampokea mtoto bila kuuliza.

Katika jengo lile walivaa makoti, kofia na glavu. Dakta Suzan, mtafiti kutoka Kenya, aliwaonyesha rafu ya vizimba vya plastiki vyenye panya weupe.

"Karimu, mbona unacheka?" aliuliza.

Karimu, kijana aliyesoma darasa moja na Murielle, hakuweza kujizuia. "Dakta, hawa ni wapole mno! Panya wa kwetu Malvern wanavuka barabara ya Jules Street kwenye robot, zile taa za kuongoza magari. Wanasubiri taa ya kijani kabisa!"

Hata Mzee Ezekieli alicheka. Kisha Dakta akaeleza. "Homoni husafiri ndani ya damu kama mtu aliyetumwa kupeleka habari. Ubongoni kuna vipokezi, navyo ni kama masikio ya kuipokea habari hiyo. Katika panya hawa tumezima jeni moja, kwa hiyo kipokezi kimoja hakitengenezwi kwenye sehemu fulani ya ubongo. Maziwa wanayo, nguvu wanazo. Tunataka kujua, habari isipopokewa, mama atawatendeaje watoto wake?"

"Mnajuaje?" Murielle aliuliza.

"Tunawatoa watoto kwenye kiota na kuwaweka pembeni mwa kizimba. Panya wa kawaida huwabeba kwa mdomo mmoja mmoja na kuwarudisha. Huyu tuliyemzimia jeni tunamtazama tu. Muda ukiisha, nawarudisha mimi. Hakuna anayeachwa aumie."

Siku iliyofuata Karimu alikwenda na Mzee Ezekieli kuosha vizimba, na Murielle akakaa na Dakta kwenye chumba kidogo cha majaribio. Kamera ilikuwa juu, na chini ya kizimba kulikuwa na bamba la kutia joto. Dakta aliwapanga watoto wa panya pembeni. Walikuwa wekundu, hawana hata unyoya, na macho yao yalikuwa bado yamefumba.

Mara umeme ukakatika. Kamera ikazimika, na bamba la joto nalo likazimika. Taa moja tu ya dharura ilibaki ikiwaka mlangoni.

"Eish, na jenereta halijawaka!" Dakta alisema. "Kuna dawa kwenye friji, lazima nikaangalie. Murielle, usiguse kitu. Tazama tu. Nikirudi utaniambia ulichoona."

Murielle akabaki peke yake. Panya mama alimkaribia mtoto wake wa kwanza, akampita kama anayepita jiwe. Akakaa, akaanza kujilamba miguu. Watoto walifunua vinywa bila sauti. Dakta alikuwa ameeleza kwamba hulia kwa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Murielle hakuhitaji kuisikia. Alikuwa anaijua.

"Geuka basi," alinong'ona. "Geuka uwaone."

Panya hakugeuka. Murielle aligusa bamba la joto, akakuta linapoa. Mkono wake ukaingia ndani ya kizimba kabla hajafikiri. Aliwaokota watoto mmoja mmoja, akawaweka kwenye kiota, kisha akamsukuma mama yao taratibu mpaka akawa juu yao.

Umeme uliporudi, Dakta Suzan aliingia akihema. Alitazama kizimba, akainama, akatazama tena.

"Mungu wangu! Nani amewarudisha?"

Angeweza kusema, "Ni mimi." Lakini jibu alilolizoea lilikuwa karibu zaidi.

"Mama yao," Murielle alisema. "Amewakusanya mwenyewe."

Alitegemea Dakta afurahi. Badala yake, uso wa Dakta ulikunjamana. Alimwita Mzee Ezekieli, aliyekuja pamoja na Karimu. "Mzee, panya huyu hakupaswa kuweza kufanya hivi. Ulipoosha vizimba vya rafu hii, inawezekana ulichanganya panya?"

Mzee alivua kofia yake. "Nilimrudisha kila mmoja mahali pake, Dakta. Nadhani nilimrudisha."

"Kama wamechanganyika, siwezi kumwamini hata mmoja. Kazi yote ya rafu hii imeharibika. Itabidi tuwaondoe wote tuanze upya."

"Kuwaondoa ni kuwapeleka wapi?" Karimu aliuliza.

"Hatuwapeleki popote, mwanangu. Ni kuwaua," Mzee Ezekieli alijibu. Karimu hakutania tena.

Murielle alirudi nyumbani pamoja na mzee. Walipoachana alisema tu, kama anayejisemea mwenyewe, "Labda ni uzee."

Jioni Papa aliingia akiwa na furaha ambayo Murielle hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Joël alikuwa kifuani pa Maman, mahali alipowekwa dakika chache kabla.

"Murielle, kampuni inanipeleka Durban kwa mafunzo, wiki kadhaa," alisema. "Ningekataa, lakini nikirudi kila siku namkuta Maman amemshika mtoto. Nimeona Mungu ametujibu. Nitakwenda."

Dakta alitaka kuondoa panya wote kwa sababu ya neno la Murielle. Papa alitaka kuondoka kwa sababu ya mkono alioupanga yeye. Watu wazima wawili walikuwa wanakata shauri wakitegemea jambo ambalo halikutokea. Usiku huo alipopiga magoti hakupata la kuomba, isipokuwa moja: "Bwana, nipe kinywa cha kusema."

Asubuhi alimsubiri Dakta Suzan mlangoni pa jengo. Mzee Ezekieli naye alikuwapo, amesimama na funguo zake.

"Dakta, si yeye aliyewakusanya. Ni mimi. Bamba lilikuwa limepoa. Niliwarudisha kwa mkono wangu."

Hasira ilionekana usoni pa Dakta, naye hakuificha. "Unajua nilikuwa nimeanza kuandika kwamba tuwaondoe? Ungesema tu umewagusa, ningerudia jaribio, basi. Kosa la kuwahurumia ni dogo. Kwa nini ulisema ni mama yao?"

"Kwa sababu ndivyo ninavyofanya nyumbani," Murielle alijibu, na machozi yakamtoka. Aliwaeleza yote: ukuta, mkono, malaria ya uongo, safari ya Papa. "Dakta, je, Maman naye hana kipokezi?"

Hasira ya Dakta ilitoweka. Alichuchumaa mbele yake. "Hapana, usimfananishe. Panya wale tuliwabadilisha sisi, na mimi si tabibu wa watu. Lakini kuna ugonjwa unaowapata baadhi ya mama baada ya kuzaa. Huzuni nzito inamfunika mtu, na hana nguvu za kuiondoa peke yake. Si pepo, wala si ubaya wa moyo. Wauguzi wa kliniki wanaujua, na una matibabu. Lakini watamtibuje mtu wanayeambiwa ni mzima?"

Murielle akamgeukia Mzee Ezekieli. "Nisamehe, Mzee."

"Nimekesha, binti yangu," mzee alisema. "Nilidhani akili yangu imeanza kuniacha. Nimekusamehe. Ila ujue uongo wako ulilala nyumbani kwangu usiku mzima." Akarudisha funguo mfukoni. "Jioni nitakusindikiza kwa baba yako. Usiende peke yako."

Mchana Dakta alirudia jaribio mwenyewe. Panya mama aliwapita watoto wake kama mara ya kwanza. Muda ulipoisha, Dakta aliwarudisha kwenye kiota na kuwatia joto, na panya wa rafu ile hawakuondolewa.

Jioni, Mzee Ezekieli akiwa kando yake Murielle, Papa Damien alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Alipoinuka, Murielle alidhani atapigwa. Papa aliingia chumbani, akaketi kitandani, akasema, "Hélène, nilikuwa natazama mkono wako, sikutazama uso wako. Nisamehe." Kesho yake aliiambia kampuni kwamba hataweza kwenda Durban.

Kliniki walikaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Muuguzi, mama wa Kizulu mwenye sauti ya upole, alimuuliza Maman kama analala usingizi. Papa akatafsiri. Maman akasema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema tangu Joël azaliwe.

"Silali. Mtoto nikimsikia akilia, ni kama analia nyumba ya jirani. Najua ni wangu. Nashindwa kufika."

Muuguzi aliandika, akamshika mkono. Alisema hali hiyo ameiona kwa mama wengi, na kwamba Maman ataanza dawa na mazungumzo ya kila wiki. Hakuahidi kwamba atapona upesi.

Nje kwenye korido, Papa alimsimamisha Murielle kando.

"Ulifanya kwa upendo, mwanangu, nami siusahau mzigo ulioubeba," alisema. "Lakini tuliomba msaada huku tukiuficha ugonjwa. Mungu hutuma msaada kupitia watu, na watu husaidia wanachokiona. Kuanzia leo, jambo likikuzidi, liseme lilivyo. Sisi tutajua la kufanya, na tusipojua tutamuuliza anayejua."

"Ndiyo, Papa."

Pale kwenye benchi, kando ya Maman, Joël alianza kulia. Murielle aliinuka haraka, kama alivyozoea, lakini Papa aliweka mkono begani pake akamzuia. Maman alimtazama mtoto. Kisha akainua macho kwa mume wake.

"Siwezi sasa," alisema. "Nimechoka. Mchukue wewe."

"Haya," Papa Damien alijibu, akamchukua Joël. "Asante kwa kuniambia."