Pambano Lisilojibiwa

Tegua kitendawili hiki, mjukuu wangu, na usicheke kabla ya kufikiri: ninaye rafiki, hupigwa badala yangu wala halii. Ni nani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Hapana, Mombasa sitaki, ina kelele nyingi. Nipe Mbagheni, mji wa milimani. Rafiki huyo ni ngao; na huko Mbagheni alikuwako mtu ambaye ngao yake ilipasuka yeye akiwa nyuma yake.

Zama hizo bunduki zilikuwa hazijapanda milimani. Watu wa Mbagheni walivaa ngozi laini za mbuzi, wakafua chuma, wakakibadilisha kwa chumvi na ng'ombe. Kwa ajili ya chuma hicho, watu wa bondeni hawakuchoka kuwavamia. Lango la mji lililindwa na safu za wanaume wenye mikuki na ngao za ngozi ya nyati. Wa mbele akijeruhiwa alipaza sauti, "Nimepatwa!" na wa nyuma akaingia mahali pake. Aliyeficha jeraha aliacha pengo, na adui akapita hapo hapo.

Ndiyo sababu kwenye mazoezi ya fimbo mwalimu hakuhukumu. Alimwuliza aliyelengwa, "Imefika?" naye akajibu kwa kinywa chake. Asipojibu, pambano halijaisha. Fimbo zote mbili zilitundikwa barazani, na wenyewe wote wawili hawakusimama langoni mpaka jibu litoke.

Senkondo alikuwa wa safu ya mbele. Katika vita vya wakati wa mavuno, mkuki ulitoboa ngao ukamwingia kifuani. Akalala ndani masika yote. Kidonda kilipofunga akarudi uwanjani, akapangwa na Kibacha, mtoto wa mama yake mdogo.

"Karibu, mgonjwa," Kibacha akasema. "Nikupige polepole, au nikupige kama mtu?"

"Nipige kama unaweza."

Mikono ya Senkondo haikusahau kitu. Pumzi tu ndiyo iliyokuwa fupi. Kibacha akapenya chini ya kiwiko, fimbo ikagusa kifua.

"Imefika?" akauliza Mrutu, mwalimu, mjomba wao wote wawili.

"Haijafika."

Watu wakatazamana. Wote waliisikia ikilia kwenye mbavu. Wakarudia. Safari hii Kibacha alitisha tu, akairudisha fimbo.

"Imefika," akasema Senkondo upesi.

Uwanja mzima ukacheka. "Anapigwa na upepo huyu!"

Mrutu hakucheka. "Mwanangu, ukisema uongo tena, safu huingii maisha yako yote."

Mara ya tatu fimbo ikaelekea kifuani.

"Imefika?"

Kimya. Kivuli cha Mrutu kikarefuka, na bado kimya. Mzee akazitundika fimbo.

Nyumbani, Senkondo alikaa karibu na moto akila. Kaa likaruka likatua kifuani. Mkewe, Nakijwa, ndiye aliyenusa.

"Mume wangu, unaungua!"

Akatazama chini, akalipangusa kama punje ya wali.

"Huumii?"

"Hapa hamna mtu tena, Nakijwa."

Nakijwa akaweka mwiko chini. "Waambie."

"Watanitoa. Tangu ujana wangu nasimama pale mbele. Nikitoka pale, mimi ni nani?"

"Na Kibacha je? Umemfunga na yeye."

Senkondo akaendelea kula. Alijua kwamba hapo mtu huona haya. Akaitafuta haya hiyo ndani yake, kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba isiyo yake, asiione.

Kibacha alikuja kila siku. Mwanzoni alitukana. "Umemeza ulimi? Nikuletee maji ushushie?" Baadaye alibembeleza. Mwishowe alikaa tu mlangoni.

Kisha asubuhi moja pembe ikalia ukingoni mwa mji. Watu wa bondeni walikuwa wanapanda, mikuki yao mingi kama matete. Wanaume wakakimbilia langoni. Senkondo akatoka, akamkuta Kibacha barazani, amesimama chini ya zile fimbo mbili, mikono mitupu, anatazama safu ya mbele.

Mahali pa Kibacha alisimama baba yake. Mzee yule, mgongo umepinda, alikuwa akijaribu kuinua ngao ya nyati. Ikamshinda, ikaburutika chini. Akaiinua tena. Hakuna aliyethubutu kumcheka.

Senkondo alimtazama. Hakuona huruma, hakuona hofu. Aliona tu kwamba ngao ni nzito, na kwamba mzee atakufa kabla jua halijapanda.

Akaenda mpaka mbele ya safu, akasimama mbele ya Mrutu.

"Mjomba, niulize."

"Sasa hivi?"

"Niulize."

Safu nzima ikageuza nyuso. Mrutu akashusha mkuki.

"Senkondo, imefika?"

"Sijui, mjomba. Tangu ule mkuki, hapa kifuani sisikii kitu. Mwache Kibacha akampokee baba yake ngao."