Nyasi za Ukutani

Rafiki yangu Anyelwisye anachora kuta za baa na saluni pale Mwanjelwa, na hakuna kazi iliyomchosha roho kama ya gesti ya mama Frida, Ilomba. Mama huyo alisoma Marekani. Alitaka ukumbi wake wa ndani, usio na dirisha, uchorwe nyanda za Kansas kama alivyoziona: nyasi kavu na mbingu, basi.

Sasa mtu aliyezaliwa Rungwe atachoraje nchi isiyo na mlima? Kila akifika pale mbingu inapokutana na nyasi, mkono wenyewe unapandisha kilima.

"Umeweka tena!" mama Frida akafoka. "Wewe fundi, nimesema tambarare!"

"Mama, hapa pako wazi mno. Hakuna cha kumzuia mtu asije!"

Anyelwisye akakifuta kilima kwa hasira, akajaza nyasi. Hata hajaweka brashi chini, umeme ukakatika.

Gizani wakasikia nyasi zikichakacha. Kwanza mbali, halafu karibu, kama mtu anayekatiza shamba bila haraka. Kisha kimya.

Umeme uliporudi, nyasi za ukutani zilikuwa zimelala, zimeacha njia nyembamba kutoka kule mbali hadi chini, zote zimeinamia upande wao.

"Rudisha ule mlima," mama Frida akanong'ona.

Anyelwisye akapapasa ukuta. Rangi yote ilikuwa bado mbichi, isipokuwa ile njia. Nayo ilishuka ukutani, ikaja kuishia sakafuni, katikati yao wawili.