Kikopo cha Guka

Kila asubuhi msichana Wanjugu aliwasha jiko, akamkorogea babu yake uji, kisha akakimbia shuleni. Babu huyo, ambaye kijiji kizima cha Bahati kilimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Akianza yeye, usicheze, hata madirisha yalitetemeka.

Julai 2007, Guka alianza kukohoa. Zahanati ikampa kikopo cha plastiki.

"Atoe makohozi asubuhi kabla hajala," muuguzi alimwambia Wanjugu. "Uyalete hapa ukienda shule."

Usiku huo Guka alikesha akikohoa. Kulipokucha ndipo usingizi ulipomchukua. Wanjugu akatazama saa. Zamu ya kupiga kengele ya shule ilikuwa yake. Angemwamsha tu, jamani! Lakini alimhurumia, tena aliogopa kuchelewa.

"Mate ni mate," alijiambia. "Nani atajua?"

Akatema yake, akafunga kikopo, akakipeleka.

Majibu yakarudi: hakuna kifua kikuu. Guka akapewa dawa ya kikohozi, akamshukuru Mungu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Wanjugu ilichukua miezi miwili. Kila Guka alipozidi kukonda, Wanjugu alitaka kusema ukweli, mdomo ukawa mzito. Jumapili moja Guka alisimama kuimba, akakohoa damu kwenye kitambaa chake cheupe.

Mjini Nakuru alipimwa upya. Viini vya kifua kikuu vilikuwa tele, na matibabu yakaanza siku hiyo hiyo. Lakini watu wakauliza, mbona kipimo cha kwanza kilidanganya? Lawama zikamwangukia Kiplangat, aliyebeba vikopo kwa pikipiki kutoka Bahati hadi maabara. Walisema alivichanganya. Ijumaa angefutwa kazi.

Alhamisi, Daktari Neha, mkuu wa maabara, aliwaita Guka na Wanjugu. Kiplangat alikuwa ameketi pembeni, helmeti mapajani. Wanjugu aliona vyeti viwili ukutani, kimoja cha udaktari, kingine cha sheria.

"Nilisomea magonjwa mpaka ndani ya vinasaba," Neha alimweleza. "Kisha nikaona jibu la maabara linaweza kumponya mtu au kumharibia maisha, nikasomea na sheria. Siku hizi naisaidia wizara kuandika kanuni za afya." Akamgeukia Guka. "Mzee, sehemu ya yale makohozi ya kwanza bado tunayo kwenye jokofu. Mate hubeba chembe za mwenyewe. Nikizipima, nitajua kama ni za mwanamume au mwanamke."

 Wanjugu akamtazama Kiplangat, akashindwa kumtazama tena.

"Usipime, Daktari," alisema akilia. "Ni mate yangu. Guka alikuwa amelala."

Kiplangat alifunika uso kwa mikono. "Siku kumi silali, mtoto. Hata mke wangu ameanza kuniuliza kama kweli nilikosea."

"Nisamehe," Wanjugu alisema. "Nisamehe, Guka."

Daktari Neha hakumgombeza. "Kanuni nyingi ninazoandika," alisema, "zilianza na mtu aliyejiambia, 'Nani atajua?'"

Kiplangat alibaki kazini. Januari vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, ni yeye huyo huyo aliyehakikisha vidonge vya Guka vinapanda gari la msaada kuelekea Bahati. Guka alivimeza miezi minane, akapona. Ila pafu moja lilikuwa limeharibika vibaya.

Jumapili aliyorudi kanisani, kwaya iliposimama, yeye alibaki kwenye benchi. Wanjugu akaketi karibu naye, moyo ukimuuma.

"Guka, nataka kusoma kama Daktari Neha."

"Soma, mjukuu wangu." Guka akamshika mkono, akasubiri pumzi imrudie. "Na usisahau hili. Ukweli wako ulimwokoa Kiplangat. Ungekuja miezi miwili mapema, ungeniokolea na sauti."