Kuna Mwanaume Mwingine Anaosha Gari Langu

Nimesimama nje ya geti la watu, jiwe mkononi.

Ndani, kwenye uwanja mdogo wa saruji, gari langu limeegeshwa milango yote wazi, kama vile limefika kwao.

Mke wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amevua viatu. Anacheka mpaka anajipiga mapaja!

Na mwanaume...

Mwanaume mrefu, koti la kazi la bluu, kofia imeshuka mpaka masikioni, amenipa mgongo. Anapitisha kitambaa juu ya boneti yangu. Taratibu. Kwa mahaba!

Kisha nikamsikia mke wangu akisema:

"Leo limeng'aa kuliko wiki iliyopita."

Wiki iliyopita?!

Jamani... kabla sijawaambia lile jiwe liliishia wapi, ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe. Maana najua humu ndani kuna watu wa kuhukumu haraka.

Mimi ni kinyozi. Jumamosi na Jumapili sipumui, vichwa juu ya vichwa. Jumatatu nafunga. Na Jumatatu ni siku yangu mimi na gari langu.

Gari lenyewe si la kutisha. Kwa umri wake lingekuwa mtu, lingeshaoa. Lakini nalipenda, sifichi. Nalimwagia maji kwanza litoke mchanga, nalipaka shampuu yake, nalisugua kwa sponji laini, nalikausha, halafu napaka nta na kuling'arisha mpaka nione meno yangu kwenye mlango. Rimu nazisugua kwa mswaki wa zamani, tundu kwa tundu.

Mke wangu huwa anasimama mlangoni na chai yake, ananiangalia.

"Hilo ndilo bibi mkubwa," ananiambia. "Mimi nimeolewa wa pili."

Tunacheka. Maisha yanaendelea.

Sasa, Jumapili mke wangu hulichukua gari. Duka la dawa analofanyia kazi linafungwa mapema siku hiyo, kwa hiyo anapita kwa rafiki zake, sokoni, mambo ya wanawake. Sijawahi kuuliza.

Jumatatu moja nikatoka na ndoo yangu, kifua wazi, muziki kwenye simu...

Gari safi!

Si safi ya kumwagiwa maji, hapana. Safi ya mtu anayejua! Nikafungua mlango, nikapitisha kidole kule kwenye kona za bawaba ambako hata mimi husahau. Kikatoka kikavu, hakuna vumbi. Nikachungulia ndani ya rimu. Zinang'aa. Dashibodi imepigwa polishi, kapeti za miguuni zimekung'utwa na kurudishwa zimenyooka kama shuka za hoteli.

Na harufu... Shampuu yangu mimi haina harufu ya ndimu.

Nikaingia ndani.

"Mke wangu, nani ameosha gari?"

Akaendelea kukunja nguo.

"Nilipitisha maji kidogo tu."

Yeye?! Huyu mwanamke akishika sponji anaweza kudhani ni mkate, aikate vipande aipake siagi! Tangu nimuoe hajawahi kugusa hata kioo cha pembeni.

Nikarudisha ndoo mahali pake. Lakini kitu kikaniingia hapa, kifuani, kikakaa.

Mjue kwamba mke wangu amenizidi umri kidogo, na mjue ni mzuri. Wateja wake wengine hununua dawa za kikohozi bila kukohoa. Nimezoea. Lakini wale wanaishia kaunta. Huyu alikuwa ameingia mpaka chini ya viti vyangu!

Na kilichoniuma zaidi, niseme ukweli... alikuwa anaosha vizuri kuliko mimi.

Kinyozi hana siri. Siku iliyofuata nikajikuta namwaga kila kitu mbele ya mteja wangu mmoja, fundi viatu, huku nikimchonga ndevu.

"Kaka," akasema, "mwanaume hawezi kumuoshea mwanamke gari bure."

"Labda ni sehemu za kuoshea magari?"

"Kule wanakusugulia kona za bawaba?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi," akasema. "Huyo ana mapenzi."

Jumapili ikapita nyingine. Gari likarudi limepigwa nta. Nilijua kwa sababu mimi napaka kwa kuzungusha, na ukilitazama upande upande juani unaona duara. Huyu alikuwa amepaka kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Hata alama ya kidole hamna!

Halafu nikafungua buti.

Shati la kiume. Jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa kwenye hanga.

Nikalipima kifuani kwangu. Mikono ikanipita vidole.

Yaani mke wangu anamfulia?!

Jioni ile ile, nikiwa naoga, nikasikia simu yake ikiita. Akatoka nayo nje, akasimama chini ya dirisha la bafu bila kujua. Nikafunga bomba.

"...nimekwambia nakuja," alikuwa anasema, sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu fungate. "Jumapili, na gari. Usilie. Sawa? Usilie."

Wenzangu... mwanaume analia kwa ajili ya mke wangu!

Sikulala vizuri wiki ile. Chakula nakigeuza tu. Mke wangu ananiuliza, "Unaumwa?" Namwambia, "Uchovu." Kila akicheka na simu, natega sikio. Kila akijipaka mafuta, nafikiria nani atayanusa.

Jumapili ikafika. Nikaenda kazini kama kawaida, nikamkalisha fundi viatu kwenye kiti, nikawasha mashine. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa nilipoliona gari langu linapita barabarani. Mke wangu kwenye usukani. Amefunga kitambaa chake kizuri.

Nikazima mashine.

"We! Unakwenda wapi?" fundi viatu akapiga kelele. "Kaka! Nusu kichwa!"

Nilishafika nje. Nikarukia pikipiki ya kwanza iliyosimama.

"Fuata lile gari."

"Lile linalong'aa?"

Hata mwenye pikipiki ameona!

Tukalifuata mpaka mtaa wa nyumba za zamani, kuta fupi, mageti ya mabati. Likaingia kwenye geti moja. Nikashuka mbali, nikatembea, aproni ya kunyolea bado shingoni. Njiani nikaokota jiwe. Sikumbuki nililiokota vipi.

Ndipo hapo mliponikuta mwanzo.

Niliposikia "wiki iliyopita", nikasukuma geti kwa bega.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Geuka nikuone!"

Mke wangu akaruka kutoka kwenye ndoo, mikono kinywani.

Yule mwanaume akageuka. Polepole, kitambaa bado mkononi.

Alikuwa baba yangu.

Baba yangu mzazi! Mtu ambaye hakuja kwenye harusi yangu kwa sababu, alisema, siwezi kuoa mwanamke aliyenizidi umri halafu nitegemee baraka zake. Mtu niliyegombana naye tukafika pabaya, nikasema jina lake lisitajwe nyumbani kwangu. Na halikutajwa. Miaka!

Nikasubiri atukane. Nikasubiri anifukuze.

Akanitazama usoni. Akatazama aproni. Akatazama jiwe.

"Kijana," akasema kwa upole, "liweke chini hilo, utachuna rangi."

Kijana?

"Baba..."

"Na usikanyage hapo, pamelowa. Utateleza."

Akarudi kwenye boneti yake.

Shangazi yangu, dada yake baba, akatoka ndani mbio, akaniona, akaanza kulia. Nyumba ilikuwa yake, alihamia huku bila mimi kujua. Wakanivuta pembeni, yeye na mke wangu.

"Hakujui," shangazi akasema. "Usimkasirikie. Siku hizi hata mimi kuna asubuhi hanijui. Ni ugonjwa wa kusahau."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nimekupigia mara ngapi? Ulipokea?"

Sikupokea hata moja.

Baba alikuwa dereva wa bosi mmoja maisha yake yote. Kila alfajiri alikuwa anaosha gari la bosi kabla bosi hajaamka. Bosi alishafariki zamani, lakini kichwa cha baba kilirudi kule kikakwama. Akawa anaamka anatafuta gari. Asipolipata, analia kama mtoto. Akaanza kutoka barabarani, anafungua milango ya magari ya watu ayafute vumbi. Siku moja watu wakadhani ni mwizi, wakampiga.

"Ndipo nikampigia huyu," shangazi akasema, akimshika mke wangu bega. "Nilimwambia, mwanangu, sina pa kukimbilia."

Nikamgeukia mke wangu.

"Yule alikukataa wewe. Mbele ya watu."

"Alinikataa, ndiyo."

"Na ukaja?"

"Nilikuja kumpaka mtu mgonjwa dawa za vidonda. Akaliona gari, akaomba ndoo." Akafuta macho. "Akiliosha anatulia. Akimaliza anavaa shati lake jeupe la udereva ninalomfulia. Anakula. Analala. Ningefanyaje? Nikikwambia, ungenizuia."

Na kweli, ningemzuia.

Mtadhani wivu uliishia pale. Haukuisha! Uligeuka tu.

Maana nikawaona. Baba anamwita mke wangu "mwanangu". Anamtania. Anamwambia asogeze ndoo, asiloweshe gauni. Na mimi, niliyebeba pua yake na masikio yake, ni "kijana". Nilimwonea mke wangu wivu. Alikuwa amempata baba yangu, mimi nimebaki na jiwe!

Nikaliweka chini. Nikavua aproni, nikachukua kitambaa, nikaenda upande wa pili wa boneti.

Nikaanza kupaka nta.

"Usizungushe," baba akasema bila kuinua macho. "Nyoosha mkono. Ukizungusha, jua linakuumbua."

"Sawa, mzee."

"Nani alikufundisha kuzungusha?"

"Nilijifunza mwenyewe. Baba yangu alikuwa anatoka kazini nikiwa bado nimelala."

Akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa.

"Madereva ndivyo walivyo," akasema.

Tukafanya kazi. Jua likahamia kwenye kioo cha mbele. Mke wangu akaja kunifuta povu shavuni, nami nikamshika kiuno, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe."

Baba akaacha kitambaa.

Akazunguka gari, akaja akasimama katikati yetu. Akamsogeza mke wangu nyuma yake kwa mkono mmoja, kisha akaniinamia sikioni.

"Kijana, unajua kazi, na mimi nakuheshimu. Lakini huyu mwache. Huyu ni mke wa mwanangu."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu ni kinyozi," akaendelea. "Leo yuko kazini, watu ni wengi. Akikukuta hapa patachimbika. Ana wivu yule!"

"Anampenda sana mkewe?"

"Aligombana na mimi kwa ajili yake."

"Na... nani alikuwa na haki?"

Baba akageuka akamtazama mke wangu. Yeye alikuwa ameshika mdomo, machozi yanapita kati ya vidole.

"Yeye, mwanangu kinyozi," akasema. "Mimi nilikosea. Ukimwona huko mjini, mwambie."

"Nitamwambia, mzee."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Sasa nyie mnaosoma hapa. Nilikagua gari lile kona zote, nikanusa viti, nikapima shati kifuani, nikafuatilia watu kwa pikipiki. Kote huko sikumwuliza mke wangu swali moja la maana nikamsubiri anijibu.

Na kama kuna mtu umemkatia simu, baba, mama, ndugu, hata kama kosa lilikuwa lake... mpigie leo. Mpigie wakati akisikia sauti yako bado anajua ni wewe. Mimi msamaha wangu nimeupata, lakini niliombwa niupeleke kwa mtu mwingine.