Kisanduku cha Bluu pale Kisimani

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu uani kwangu tangu mume wangu alipopata kazi ya kuendesha lori, akawa anaonekana nyumbani kama mgeni. Nilisoma mpaka darasa la saba. Naandika haya ili mama mwingine asifanye nilichofanya mimi.

Siku zetu zilikuwa hivi. Asubuhi na mapema binti yangu mkubwa alikwenda kisimani. Alileta ndoo sita, nne za kufulia, mbili za kunywa na kupikia. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu na mabeseni matatu. Moja la nguo nyeupe, moja la nguo za rangi, moja la kusuuzia. Mdogo wake alikuwa na miaka minne. Tulimwita Kiroboto kwa sababu hakutulia mahali. Ukimfukuza huku, anatokea kule chini ya kamba, amejitanda shuka la mtu. Anasema yeye ni mzee wa mtaa, tumwamkie.

Tulimwamkia. "Shikamoo, mzee."

Naye aliikaza sauti iwe nzito. "Marahaba, wanangu."

Mwaka ule vijana wa mtaa walianzisha kikundi, na binti yangu akaingia. Walikuwa wameitwa shuleni na mhudumu wa afya wa zahanati. Aliwaambia kwamba nchi za dunia zimekubaliana malengo kumi na saba ya maendeleo, na kwamba malengo hayo si ya wakubwa wa ofisini peke yao. Kila mtaa unaweza kuanza na moja. Vijana wetu wakachagua lengo la sita, la maji safi na vyoo. Walikuwa na sababu. Kisima chetu kiko bondeni, na vyoo vya mtaa viko juu yake, hatua ishirini tu.

Binti yangu alinieleza haya wakati nasugua kola. Nikamwambia, "Mmeshindwa kukunja mashuka manne, mtaweza malengo ya dunia nzima?" Alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Baada ya wiki chache vijana walipata dawa kutoka zahanati, ya kuua vijidudu vya maji. Ilikuja kwenye kisanduku cha bluu, wakakifunga kwenye nguzo kando ya kisima. Walisimama pale kisimani kwa zamu, asubuhi na jioni, wakiwaelekeza watu. Mimi niliyasikia tu kwa majirani, kwamba watoto wanatia dawa kisimani. Sikwenda kuona. Mwenye binti mkubwa anakwenda kisimani kufanya nini?

Miezi miwili ikapita. Katika miezi hiyo Kiroboto hakuharisha hata mara moja. Sikuliona hilo. Nani anahesabu siku ambazo mtoto hakuumwa?

Ndipo likaja jambo la shati.

Kinyozi wa ng'ambo ya njia alinipa shati lake la zambarau, lile la kutokea. Lilipokauka lilikuwa na mabaka meupe mgongo mzima. Alilishika kwa vidole viwili mbele ya wateja wake, akaniuliza kama nimemfulia au nimemnyoa. Watu walicheka. Mteja mmoja alitoka na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, aje kuliona. Mimi sikucheka. Dobi akiharibu shati moja, mtaa wote umejua kabla jua halijazama. Nikasema ni ile dawa ya watoto kule kisimani, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Binti yangu alinifuata uani. "Mama, dawa haitiwi kwenye..."

"Usinijibu," nikamwambia. Wala sikuinua macho kutoka kwenye beseni.

Akajaribu tena. "Ndoo zako za kufulia, mama, mimi huwa..."

Nikampa mgongo.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa mtaa. Nilisimama na lile shati ambalo kinyozi alikuwa ameniachia, nikalikunjua. Nilisema watoto hawa wanaharibu kazi za watu, na kama dawa inakula shati, itaacha matumbo yetu? Mwenyekiti alikuwa anamsubiri mtu kama mimi. Vijana walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba choo chake ndicho kinachovuja kuliko vyote, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Akasema maji haya tumeyanywa tangu tukiwa wachanga, na leo tunafundishwa kunywa maji na watu ambao juzi tuliwafuta kamasi. Kijana mmoja wa kikundi akaomba kusema. Akaambiwa akae. Binti yangu akanyoosha mkono. Nilimkata jicho, akaushusha.

Mwenyekiti mwenyewe alikifungua kile kisanduku kutoka kwenye nguzo, akaenda kukitupa stoo kwake. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mvua zikaanza. Zilinyesha siku tisa. Vyoo vilijaa, maji yake yakateremka taratibu kuelekea bondeni. Lakini maji ya kisima yaling'aa vile vile. Ungeyaweka kwenye glasi ungeona upande wa pili. Binti yangu alikuja na sufuria mkononi, akaniomba walau maji ya kunywa tuyachemshe. Pasi yangu ni ya mkaa, na mkaa ulikuwa umelowa, mkavu ulikuwa kidogo.

"Mkaa ni wa pasi," nikamwambia.

Akairudisha sufuria mahali pake.

Siku ya Jumatano Kiroboto aliamka anaharisha. Ilikuwa maji matupu, kama maji yaliyooshea mchele. Nilidhani ni tumbo la kawaida la watoto. Kila alipoomba maji nilimnyima, kwa sababu niliamini akinywa ataharisha zaidi. Niliendelea kufua. Nilikuwa na mashuka ya watu. Kufika saa tano macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama. Nikamwita, "Mzee wa mtaa, shikamoo." Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Binti yangu alimbeba mgongoni, tukakimbia. Zahanati tulikuta mikeka imepangwa mpaka nje. Walimwekea dripu. Saa tisa mchana akafa.

Watoto kumi na mmoja wa mtaa wetu walipelekwa zahanati wiki ile. Watatu hawakurudi.

Kinyozi alikuja msibani. Alikaa karibu nami muda mrefu, mtu ambaye siku zote ana neno la kuchekesha. Mwisho akasema, "Lilikuwa shati tu, mama. Shati tu." Nilitamani angenipiga.

Siku ya tano ya msiba yule mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba. Ni mwanamke wa rika langu. Alikaa chini pamoja nami uani, akaniuliza tunachota wapi, tunakunywaje, mtoto alipoanza kuumwa nilimpa nini. Nilimjibu yote. Hakunigombeza. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfunga mwenziwe kidonda.

Alisema, "Dada, maji yanaweza kung'aa na yakawa na kinyesi ndani. Jicho halioni. Na mtoto anayeharisha anakauka, kwa hiyo ni lazima anywe. Unachanganya pakiti ya dawa ya chumvi na sukari kwenye lita moja ya maji salama, unampa kidogo kidogo, wala husubiri nyumbani. Unamleta zahanati huku unamnywesha njiani."

Nikamwuliza habari ya dawa ya kisimani. Nilikuwa bado nashikilia hoja ya lile shati, ndiyo peke yake iliyobaki ya kunitetea. Nikamwambia dawa ilikula rangi.

Akanitazama. "Dawa haikutiwa kisimani. Kile kisanduku kina koki. Unachota ndoo yako, unaweka chini ya koki, unageuza mara moja, dawa kidogo inadondoka ndani ya ndoo hiyo tu. Unasubiri nusu saa, unakunywa. Ndoo ya kufulia unapita nayo bila kugeuza. Hata ukigeuza, dawa ile ni ndogo, haiwezi kutoa rangi ya shati." Akageuka kuyatazama mabeseni yangu. "Shati lile ulilifua beseni gani?"

Nilifikiri. Siku ile nilikuwa na haraka. Nililoweka kwenye beseni la nguo nyeupe, ambalo asubuhi nilikuwa nimetia dawa yangu ya kung'arishia. Beseni sikulisuuza kwanza.

Nikamwita binti yangu. Nikamwuliza zile ndoo zangu za kufulia, zilipita kwenye dawa?

"Hapana, mama. Hata moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amesimama mlangoni, amefumbata mikono. "Nilikuambia," akasema. Kisha akarudi ndani.

Mkutano uliofuata nilisimama tena. Safari hii sikuwa na shati. Nilisema beseni langu ndilo lililoharibu nguo, na mdomo wangu ndio uliong'oa kisanduku. Nikasema watoto walijua, sisi tukawakalisha chini. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitoka, akarudi na kisanduku kina utando wa buibui. Alikikabidhi kwa binti yangu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo vijana wawili wanakaa kwenye kamati ya maji, na wakisema, katibu anaandika. Walichimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Walijenga ukingo wa saruji kwenye mdomo wa kisima. Vyoo vilivyovuja vimefukiwa, cha mwenyekiti kwanza, na vipya vimechimbwa mbali, upande wa chini. Mvua zimekuja tena na kupita. Hakuna mtoto hata mmoja wa mtaa wetu aliyepelekwa zahanati kwa kuharisha. Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini kila ndoo ninayoigeuzia koki namwona Kiroboto.

Mama mwenzangu, mwanao akija kukueleza jambo, usimwangalie umri. Nenda ukaone kwa macho yako kile anachokieleza. Si mbali. Kisima chetu ni mwendo wa dakika nne.

Binti yangu haongei sana siku hizi. Jana nilikuwa nafua, akasimama nyuma yangu. Akasema, "Mama."

Nikatoa mikono yote miwili majini, nikaifuta, nikamgeukia.

"Kamba imelegea upande ule," akasema. "Mashuka yatagusa chini."

Nikainuka, tukaenda kuikaza pamoja.